Alama Tano za Don Evangelista

Nani alikudanganya kwamba mzee haumwi kama kijana anavyoumwa? Kuna mtu alitudanganya sote, na uongo wake umepanda ngazi hadi wodini, umevaa koti jeupe, na hakuna anayeuuliza umetoka wapi. Evangelista Tibaduiza aliulipia uongo huo kwa mgongo wake.

Alikuwa mkulima wa vitunguu vya majani ukingoni mwa Ziwa Tota, kule juu kwenye baridi inayokaza midomo ya watu. Maisha yake yote aliinama. Aliinama kupanda, akainama kupalilia, akainama kung'oa na kufunga mafungu, mpaka hata akisimama kanisani ungedhani ameangusha kitu sakafuni anakitafuta. Mikono yake ilinuka vitunguu siku za kazi na siku za sikukuu sawasawa. Belarmina, mkewe, alikuwa na utani wake juu ya hilo: "Watu wakiniona nalia nikimkumbatia wanasema, lo, mapenzi hayo! Kumbe macho yananiwasha."

Shule aliisoma miaka miwili tu. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mkali aliyetoa alama kuanzia sifuri hadi tano, kama zilivyokuwa shule zote za kule zamani. Ukipata tatu, umepita. Ukipata nne, baba yako anaitwa apewe mkono. Tano hakuna aliyewahi kuipata. "Siku nikikupa tano," mwalimu alikuwa akisema, "ujue sina tena cha kukufundisha, tufunge shule twende nyumbani." Evangelista alitoka pale na tatu na nusu, na mpaka uzeeni alikuwa akiitaja tatu na nusu ile kama mwingine anavyotaja nishani ya jeshini.

Ajali yake haikuwa na hadithi ndefu. Alikuwa juu ya lori, anakaza kamba juu ya shehena ya vitunguu. Kamba ikakatika, naye akaanguka chali juu ya mawe. Majirani walimlaza juu ya mlango waliong'oa kwenye banda, wakamfunika ruana yake, lile joho la sufu la watu wa milimani, wakamteremsha hadi hospitali ya bondeni. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imesagika.

Mapokezini palikuwa na kelele. Nesi mmoja kijana, Yolima, alimwinamia pale kwenye machela akamweleza kwa sauti kwamba atamuuliza kila siku kuhusu maumivu, naye ajibu kwa namba, sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Alisema vizuri, maneno yote, kama alivyofundishwa chuoni. Evangelista alikuwa akipiga mayowe. Alisikia "sifuri", halafu akamsikia Belarmina akimwita Bikira Maria.

Walimlaza wodini kwenye kitanda cha dirishani. Asubuhi Yolima alikuja mbio mbio, wagonjwa wanamngoja huku na huku, akasema kama alivyozoea kusema kwa kila mtu:

"Haya, don Evangelista. Maumivu ya leo unayapa alama ngapi?"

Alama! Hilo alilielewa. Akatazama dari akafikiri kwa haki, kama mtu aliyekabidhiwa karatasi za wanafunzi azisahihishe. Mgongo ulikuwa unawaka. Ukiguswa, mwanga ulikuwa unampitia machoni. Lakini kuyapa nne siku ya kwanza si kujisifu?

"Tatu," akasema. "Yamepita."

"Tatu. Vizuri sana," akasema Yolima, akaandika, akampa vidonge vya paracetamol, vile vile anavyopewa mtoto mwenye mafua.

Mzee alishangaa kidogo kuambiwa "vizuri sana". Akadhani ni maneno ya adabu.

Siku nyingine Yolima alimletea kadi yenye vichwa vilivyochorwa, kimoja kinacheka, kingine kimenuna, cha mwisho kinatiririka machozi.

"Kama namba zinakusumbua, nionyeshe wewe ni yupi kati ya hawa."

Evangelista akaishika kadi mbali na macho. "Huyu analia, sumercé," akasema, kwa neno lile la heshima na upole ambalo watu wa kule humwitia mtoto na askofu. "Mimi silii. Na huyu wa kwanza anacheka. Nani anacheka hospitali?"

"Ni picha tu, don Evangelista."

"Basi wapelekeeni watoto. Mimi nipe alama."

Yolima akacheka, akairudisha kadi mfukoni. Alikuwa binti mwema. Hilo liandikwe, maana sina haja ya kutafuta mchawi ambaye hayupo. Lakini wema bila muda ni kama dawa isiyofunguliwa chupa, na pale hakuna aliyempa Yolima muda wa kukaa kitandani kwa mzee amuulize: alama kati ya ngapi, babu?

Kisha akaletwa Duván Cely.

Alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, kijana wa miaka ishirini na miwili, mapaja kama magogo. Alikuwa akiteremka mlima kwa kasi, lori la maziwa likamtokea kwenye kona, na mfupa wa muundi ukavunjika vipande. Alipowekwa kwenye kitanda cha jirani, wodi nzima ilijua amefika.

"Unayapa alama ngapi, Duván?"

"Kumi! Kumi na mbili! Andika mia, dada, andika unavyotaka, lakini nichome kitu!"

Evangelista alitikisa kichwa juu ya mto. Mia! Vijana wa siku hizi hata maumivu wanayatia chumvi. Na alipomsikia siku zilizofuata akisema "nane" au "saba na nusu", alidhani ni mzaha ule ule. Unampa mtoto nafasi ya kujaza tano, yeye anamwaga nje.

Lakini alimpenda. Duván alikuwa na maneno kama redio, na hapakuwa na redio nyingine. Belarmina alipoleta changua, ile supu ya maziwa na mayai yenye majani ya kotimiri juu, mzee alimwagizia na bakuli la pili. Wauguzi walipobadilisha bandeji ya mguu, Evangelista alinyoosha mkono kutoka kitandani kwake, kijana akaukamata akaubana hadi vidole vikawa vyeupe.

"Babu, mkono wako unanuka sokoni."

"Wewe shika tu. Ukinuka wewe sabuni, imekusaidia nini kwenye ile kona?"

Duván akacheka huku machozi yanamtoka. "Mama yangu angekupenda wewe."

"Mwambie nina mke, tena mkali."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yao. Sasa sikiliza kilichoyavunja.

Dawa zenye nguvu zilikuwa mikononi mwa daktari mmoja tu, Daktari Lizarazo, mtaalamu wa maumivu aliyekuja kutoka mji wa Tunja kila Alhamisi. Alikuwa na sindano inayoingia karibu na mshipa wa fahamu na kuuzima, mtu akalala kama amerudi tumboni kwa mama. Lakini muda wake ulikuwa mfupi na wodi zilikuwa nyingi. Yolima aliwatangazia Jumatano mchana akikusanya vikombe:

"Kesho anakuja. Wodi moja, mgonjwa mmoja. Anachukua mwenye alama ya juu, saba kwenda mbele."

Maneno ya mwisho alikuwa tayari yuko mlangoni, vikombe vinagongana kwenye sinia. Evangelista alisikia "mwenye alama ya juu", basi. Moyo ukamdunda. Maana usiku uliopita mgongo ulikuwa umemfundisha kitu kipya. Alikuwa amebana meno kwenye kona ya ruana ili asiwaamshe wenzake, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameyapa maumivu nne.

Wagonjwa wengine wawili wa wodi ile walikuwa wanangoja tu kurudishwa makwao. Walibaki wao wawili.

"Babu," Duván akauliza baada ya kitambo, "wewe leo uliwapa ngapi?"

"Nne."

"Nne?" Kijana akamgeukia. "Na ulivyokuwa unatetemeka usiku, kitanda kinalia hadi huku?"

"Nne si mchezo, mwanangu. Lakini kesho nitasema yote." Evangelista akateremsha sauti, kana kwamba mwalimu yule mkali yuko nyuma ya pazia. "Kesho nasema tano."

"Tano."

"Naogopa hata kuitamka. Maisha yangu sijampa mtu wala kitu tano. Baada ya tano kuna nini tena? Kaburi."

Evangelista alimwona Duván akiutazama mguu wake, vyuma vimetokeza pande mbili, ngozi imevimba ina rangi ya zambarau. Akamwona akifungua mdomo. Akamwona akiufunga. Mlangoni mhudumu alipita na ndoo akaenda zake, na kijana bado alikuwa anautazama mguu.

Halafu akasema, bila kugeuza kichwa: "Tano ndiyo yenyewe, Babu. Wewe sema tano. Usipande, usishuke."

"Unaona nastahili?"

"Unastahili. Shikilia hapo hapo."

Na mzee, Mungu wangu, alimshukuru. Alimwambia, "Ubarikiwe, mwanangu," akalala na ushauri ule kama mtu aliyelala na blanketi la pili.

Alhamisi asubuhi alimngoja Yolima akiwa amevua kofia yake ya kufuma, nywele amezilaza kwa mate.

"Haya, don Evangelista. Alama?"

"Tano," akasema.

Alitegemea kalamu itaanguka. Alitegemea nesi atamwita mwenzake, labda atamshika bega. Yolima akaandika. "Tano, sawa. Umepanda kidogo, eh? Nitakuongezea kidonge kimoja." Akahamia kitanda cha pili. "Duván?"

"Tisa, dada," akasema Duván kwa sauti ndogo. Hakutazama dirishani.

Evangelista alijiambia kwamba binti amekazwa na kazi, ameona mengi, hashtuki ovyo. Saa ya daktari ikifika, itajulikana.

Daktari Lizarazo aliingia mchana, mtu mnene mchangamfu, anapiga mikono kuipasha moto. Alipofika kitanda cha dirishani alisoma karatasi miguuni, akapiga godoro kwa kiganja, na godoro lile likauingia mgongo wa mzee kama shoka.

"Pingili imesagika, halafu tano tu! Mnaona?" akawaambia wanafunzi wawili waliomfuata. "Wazee wa ziwani hawa ni chuma. Baridi, kazi, wameshazoea. Kijana angekuwa analia hapa. Hongera, mzee wangu!"

Evangelista alipokea hongera ile kwa mikono miwili. Hongera kwa tano, nani asingempongeza? Daktari akahamia kwa Duván, wakavuta pazia, vyombo vikalia. Mzee akafungua kifungo cha mkono wa shati. Akaukunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko, akaweka mkono juu ya shuka, mshipa juu, tayari. Wakimaliza na mtoto watakuja kwake. Alifurahi hata kwamba mtoto ameanza. Yeye ni mtu mzima, atangoja.

Pazia likafunguliwa. Daktari akapita mbele ya kitanda chake akizungumza na wanafunzi habari za barabara mbovu, akatoka. Duván alikuwa amefumba macho, uso umelainika. Mkono wa mzee ulibaki juu ya shuka hadi ukapoa.

Belarmina alifika saa ya kuona wagonjwa, ana chupa ya maji ya moto ya sukari guru mkononi. Alimkuta mumewe amejaa jasho, mkono wa shati umekunjwa.

"Wamekuchoma?"

"Bado."

"Bado? Daktari nimempita getini anakwenda hotelini kwake!"

Hakuketi. Alimfuata Yolima hadi katikati ya wodi, mwanamke mfupi mwenye kofia ya kiume kichwani, akasimama mbele yake kama anamziba ng'ombe njia.

"Wewe binti. Mume wangu amewapa tano. Mnataka awape nini tena, roho yake mkaipime kwenye mizani?"

"Mama, tulia. Tano ni katikati tu."

"Katikati ya nini?"

"Ya kumi. Sifuri hadi kumi. Daktari anaanzia saba."

Belarmina akamtazama kama mtu aliyeambiwa wiki ina siku kumi na nne. "Kumi? Nani duniani anatoa alama kati ya kumi? Alama ni tano! Tano ndiyo ya mwisho! Wewe umesoma wapi?"

Yolima alikuwa amesomea mji mwingine, shule ya siku hizi, walikosahihishiwa kwa kumi. Evangelista alimwona akigeukia karatasi iliyokuwa miguuni mwa kitanda. Alikuwa anaelewa, polepole, kuanzia chini kwenda juu: ile tatu, ile nne, ile tano. Akaushika mdomo wake.

"Lakini nilimwambia siku ya kwanza," akasema. "Nilimwambia mapokezi, kwenye machela."

"Alikuwa anapiga mayowe!"

"Kila mtu humu anajua ni kumi. Hata Duván anajua. Duván, si nilikueleza wewe siku ile ile?"

Duván alikuwa amelala. Au kope zake zilikuwa zimelala. Vidole vyake vilikuwa macho, vinakunja ukingo wa shuka.

Hapo ndipo Evangelista alipogeuza kichwa. Kugeuza kichwa tu kulimgharimu, lakini alikigeuza, akamtazama kijana yule kwa muda, na alipozungumza hakupandisha sauti.

"Duván. Uliniambia nisishuke."

Vidole vikaacha kukunja shuka.

"Uliniambia na nisipande."

Kijana akafumbua macho. Yalikuwa mekundu. "Babu," akasema, "na mimi nilikuwa naumwa."

Belarmina akamwita mtoto wa nyoka, mwizi wa wazee, akamwambia mabakuli yale ya changua yamtokee puani. Duván akavuta blanketi, akajifunika hadi juu, na chini ya blanketi lile mguu wake ulilala bila maumivu, kama mguu wa mtu mwingine.

Evangelista hakumtukana. Laiti angemtukana, mimi ningepumua. Alilala pale akiurudia mchana ule wa Jumatano kutoka mwanzo. Alimwona tena mtoto akifungua mdomo, akiufunga. Ule mdomo ulipofunguka ulikuwa bado wa rafiki. Mwanamume anaweza kumsamehe aliyemwibia gizani, lakini huyu alikuwa amemshika mkono kila walipobadilisha bandeji! Na daktari wa chuma na hongera? Yeye hakuhitaji hata kufunga mdomo. Alisoma kwamba pingili imesagika, akaiamini namba. Angeona kijana mwenye mfupa kama ule akisema tano, angeuliza mara mbili. Mzee akisema tano, tunawapigia makofi wazee.

Yolima alijaribu. Alikwenda kwa daktari wa zamu, naye akamwambia dawa zile bila sahihi ya Lizarazo hazitoki kabatini. Lizarazo hakupokea simu. Basi Yolima akarudi kitandani, safari hii akaketi, kwa mara ya kwanza akaketi, akaishika ruana ya mzee kwa pindo.

"Kati ya kumi, don Evangelista. Niambie sasa."

"Sijui tena, sumercé," akasema. "Andika wewe. Mimi niliwapa yote niliyokuwa nayo."

Yolima akasogea karibu. "Daktari analala hoteli ya hapo mbele. Gari lake liko uani kwetu. Asubuhi kabla hajaondoka nitamkamata, naapa. Ni sindano moja tu, hata robo saa haifiki."

"Atakubali?"

"Atakubali. Atakataaje?"

Asubuhi yake ukungu ulikuwa umeteremka hadi madirishani. Belarmina alikuwa amesinzia kwenye kiti. Evangelista aliposikia injini inawashwa uani, alijiinua kwa kiwiko, meno ameyabana, akafuta kioo kwa kiganja.

Gari la kijivu lilikuwa linageuza kuelekea getini. Yolima alitoka mlango wa chini anakimbia, sweta mkono mmoja limevaliwa, mkono mwingine linaburuta. Akaligonga gari ubavuni. Likasimama. Kioo kikateremka nusu. Mzee hakusikia kitu, aliona tu mvuke wa pumzi ya binti, mikono yake inayozungumza, anagusa mgongo wake mwenyewe, anarudia kuugusa, kisha anaonyesha kidole juu, dirishani.

Daktari akainama akachungulia juu. Akamwona mzee ameketi kitandani, kiwiko dirishani, uso kwenye kioo. Akatabasamu. Akamwambia Yolima kitu kifupi, akagonga saa yake, halafu akatoa mkono nje akampungia mzee, mkono mkunjufu, kama anavyopungiwa mtu aliyepona.

Mkono wa Evangelista ulikuwa tayari umeinuka kumjibu, kwa adabu aliyolelewa nayo. Kioo cha gari kikapanda. Mlinzi akainua kizuizi, gari likashika barabara ya Tunja, na Yolima akabaki uani amesimama na sweta lake la mkono mmoja.